Illiberally: neno lenye ukoo mmoja na uungwana

Mfasiri wa habari za siasa akikutana na neno la Kiingereza illiberally, mkono humwendea "kidikteta". Namwomba asubiri kidogo, kwa sababu historia ya neno hili inafanana mno na ya neno letu wenyewe.

Shina lake ni liber la Kilatini, yaani mtu huru, asiye mtumwa. Hapo Warumi wakapata liberalis, "imfaayo mtu huru", na kinyume chake illiberalis. Ile il- ni in- ya ukanushi iliyogeuka kwa kukutana na l. Ule mwisho -ly ni wa Kiingereza, na kazi yake ni kama ya ki- yetu katika "kihuni".

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, alimwandikia mwanawe aliyekuwa akisoma Athens kwamba kazi ya kibarua anayeuza nguvu, si ufundi, ni illiberalis, kwa kuwa ujira wenyewe ni rehani ya utumwa. Hakuzungumzia serikali hata kidogo, alizungumzia hadhi. Na kwa kuwa mtu huru alitarajiwa kuwa mkarimu, neno lilipoingia Kiingereza karne ya 16 lilibeba pia uchoyo na utovu wa adabu. Aliyetoa illiberally alikuwa na mkono wa birika.

Sasa mtazame muungwana. Katika pwani yetu alikuwa mtu asiye mtumwa. Leo ni mwenye adabu na staha. Njia ni ileile, nayo ilipita juu ya migongo ya watu waliouzwa. Tunapofundisha maneno haya, tusiwafiche wanafunzi jambo hilo.

Maana ya kisiasa ilikuja baadaye, baada ya watetezi wa katiba ya 1812 kule Cádiz, Hispania, kuitwa liberales. Mwaka 1997 Fareed Zakaria, mwandishi wa habari wa Marekani, aliandika kuhusu demokrasia alizoziita illiberal, yaani neno letu pasipo -ly: kura zinapigwa, lakini mahakama, magazeti na haki za raia zinabanwa. Tarehe 26 Julai 2014, huko Băile Tușnad nchini Romania, Viktor Orbán, wakati huo akiwa waziri mkuu wa Hungaria, alilitumia neno hilo kwa fahari kuieleza dola aliyokuwa akiijenga.

"Kidikteta" linazifuta kura hizo zilizopigwa. Kwa siasa za leo napendekeza "kwa kubana uhuru". Kwa maandishi ya kale, "kwa uchoyo" au "pasipo uungwana".