Kuongeza Volteji Si Kuongeza Kasi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja aliniletea kadi ya michoro ya kompyuta yake, ile inayochora picha za gemu, hapa Mlandege, akaiweka juu ya meza na kutamka maneno niliyoyasikia msimu wote huu wa joto: “Fundi, nitilie umeme zaidi ili ikimbie.” Wanaokuja na ombi hilo huamini kwamba kadi ni kama mashine ya boti, ukiikoleza mafuta inapasua maji. Imani hiyo inaharibu kadi ambazo watu wamezinunua kwa akiba ya miezi mingi.

Kasi ya chipu huletwa na masafa, yaani idadi ya mapigo yake kwa sekunde. Volteji ni gharama tu ambayo chipu hutozwa ili ihimili masafa hayo bila kukosea hesabu. Nguvu inayotumika hupanda sambamba na masafa, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Ukiongeza vyote viwili kwa asilimia 10, chipu iliyokuwa ikila wati 200 itataka takriban wati 266, na wati zote hizo hugeuka joto. Hapo ndipo watu hunikatiza na kusema kwamba feni itamudu. Hata ikimudu, kadi za leo zina kikomo cha wati kilichoandikwa kwenye bayosi, yaani programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya kadi yenyewe, na zikikifikia hujipunguzia masafa zenyewe. Aliyepandisha volteji anakifikia kikomo hicho mapema zaidi, hivyo huishia na kadi yenye joto kubwa na kasi ileile, pengine pungufu. Nimeliona jambo hili kwenye grafu mara nyingi mno: mstari wa masafa unashuka kwa vidato, na mwenye kadi ameketi ubavuni mwangu akisisitiza kwamba anaihisi imekuwa nyepesi.

Ukifanya kinyume chake, yaani ukashusha volteji kwa asilimia 10 na kuyaacha masafa palepale, chipu hiyohiyo itahitaji takriban wati 162. Kwetu hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mwezi wa Februari chumba kisicho na kiyoyozi huwa kimeshapata joto kabla kompyuta haijawashwa, na hitisinki, kile chuma kinachofyonza joto la chipu, haiwezi kuipoza chipu ikawa baridi kuliko hewa inayovutwa na feni.

Kuhusu kubadilisha bayosi nitasema machache. Mwaka 2016 baadhi ya kadi za mwanzo za AMD za toleo la RX 480 zilizouzwa kama za gigabaiti 4 zilikuwa na gigabaiti 8 kwenye bodi, na bayosi nyingine iliifungua memori hiyo iliyofichwa. Ilikuwa bahati ya kadi hizo. Bayosi haioteshi memori mahali ambapo haikuwekwa.

Kubadilisha pesti na pedi za joto, zile zinazopitisha joto kutoka kwenye chipu na memori kwenda kwenye hitisinki, kuna manufaa, hasa kwa kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali kwa hesabu za kompyuta kabla mtandao wa sarafu wa Ethereum haujaachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Lakini pedi ikizidi unene kwa nusu milimita tu, hitisinki huinuka na kuiacha chipu. Niliwahi kumfanyia mteja kosa hilo: memori ilipoa vizuri, ila sehemu yenye joto kali ya chipu ilifika nyuzi 104 ndani ya dakika chache. Nilipoifungua tena, pesti ilikuwa imebanwa upande mmoja, na upande wa pili imebaki nene kama nilivyoipaka. Sasa napima unene kwa kalipa, na bado nina wasiwasi, kwa sababu pedi kongwe imeshabonyea na haionyeshi unene wake wa awali. Kila ninapofungua kadi isiyo na tatizo, sina hakika kwamba ninamsaidia mwenye kadi.

Kadi ya kijana yule, basi, sikuifungua. Nilishusha volteji kidogo kidogo, nikiipa mzigo wa nusu saa kila hatua, mpaka picha ilipoganda, kisha nikarudi hatua mbili. Namba za volteji hiyo sitaziandika hapa, kwa kuwa chipu mbili za toleo moja hazilingani kwa ustahimilivu, na inayokubali kwangu inaweza kukataa kwako. Joto lilishuka kutoka nyuzi 83 hadi 74 na masafa yakatulia. Nilimwomba airudishe mara moja ikiwa itaganda katikati ya gemu nzito, kwani nusu saa ya majaribio mezani kwangu haithibitishi kila kitu.