Kifusi Kilichochanganyika Hakina Mnunuzi

Tingatinga likishamaliza kazi, kinachobaki ni rundo moja: zege, nondo, matofali, mbao zenye misumari, vioo, nyaya, bodi za jasi (gypsum) zilizokuwa dari. Karibu kila kimoja kina matumizi kikiwa peke yake. Vikichanganyika, sehemu kubwa huishia dampo. Na si mzigo mdogo: mwaka 2018 Marekani ilikadiriwa kuzalisha tani milioni 600 za taka za ujenzi na ubomoaji, zaidi ya mara mbili ya taka zote za kawaida za mijini, na zaidi ya asilimia 90 zilitokana na kubomoa.

Chukua jasi. Ikisagwa pamoja na zege la zamani ili kupata kokoto, chumvi yake iitwayo salfati huingia kwenye kokoto hizo. Kokoto hizo zikitumika kumwaga zege jipya, salfati humenyuka na saruji, zege likavimba na kupasuka. Ikifukiwa dampo pamoja na taka zinazooza, mahali penye unyevu na pasipo hewa, bakteria huzalisha haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza na inayoua ikiwa nyingi. Bodi hiyohiyo ingebanduliwa ikiwa kavu na safi, ingeweza kurudi kiwandani kutengeneza bodi mpya.

Asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyomo kwenye baadhi ya vifaa vya majengo ya zamani, ni hatari zaidi. Vumbi lake husababisha saratani inayoweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati aliyebomoa hata hakumbuki jengo lenyewe. Ndiyo maana ukaguzi lazima ufanyike kabla ya nyundo ya kwanza, na asbesto iondolewe na mafundi waliofunzwa. Rangi za zamani zenye madini ya risasi nazo zikaguliwe.

Kwa nini basi hatutenganishi? Kwa maoni yangu, tatizo kubwa liko kwenye mkataba. Mkandarasi hulipwa kwa kuacha kiwanja kikiwa wazi haraka, ilhali kubomoa kwa hatua kunadai siku na mikono zaidi. Penye dampo la bei nafuu, au pa kumwaga bila kuulizwa, hesabu yake ni rahisi.

Kwa hiyo mwenye jengo adai kabla ya kusaini: orodha ya vifaa vilivyomo, utaratibu wa kuvitoa kimoja baada ya kingine, na stakabadhi ya kila lori ikionyesha kifusi kimepokelewa wapi. Gharama za kazi hiyo ziandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo.