Wavu juu ya jani: mshono wa kujazia ninaoufundisha Ujiji

Ukiniletea kitambaa cha meza chenye jani kubwa lililojazwa uzi mwanzo hadi mwisho, zito, gumu kama mkeka, nitakuomba ulifumue. Jani dogo lijaze utakavyo. Lakini jani linalozidi upana wa vidole viwili linataka nafasi ndani yake, kitambaa kionekane, na kwa kazi hiyo sijaona mshono unaoushinda wavu. Jina hilo wamelitoa wanafunzi wangu hapa Ujiji. Nilipowaonyesha mara ya kwanza, binti mmoja ambaye baba yake huvua dagaa aliinama juu ya fremu akasema, "Mwalimu, si wavu huu?" Tangu siku hiyo hatukuutafutia jina jingine.

Wenyewe ni wa zamani. Wadarizi wa Uingereza wa karne ya 17 waliutumia sana kujazia majani makubwa ya mapazia yao kwa uzi wa sufu. Uzi mrefu unalazwa juu ya kitambaa bila kutoboa katikati, kisha uzi mfupi unakuja kuubana. Kile kitambaa maarufu cha Bayeux, kule Ufaransa, kilichodariziwa karne ya 11 na chenye urefu unaokaribia mita 70, nacho kimejazwa kwa kulaza na kubana, ila pale nyuzi zimesongamana.

Kaza kitambaa kwenye fremu mpaka ukikigonga kwa kidole kilie kama ngoma. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi ndogo 6. Chambua 3 za kulazia na 1 ya kubania. Mimi hupenda kulaza kwa kijani cha mchikichi na kubana kwa rangi ya mawese.

Sasa uzi wa kwanza, na hapa naomba usiharakishe. Usianzie ukingoni. Anzia katikati, pale jani lilipo pana, na uzi huo ukatize jani kwa mshazari. Ukianzia ukingoni utafuata mkunjo wa jani bila kujua, kila uzi utapinda kidogo kuliko uliotangulia, na ukifika nchani wavu wote umelala upande. Kitambaa changu cha kwanza cha kochi kiliharibika hivyo hivyo. Shangazi alikitazama, akakata uzi mmoja wa katikati, akaniambia nianze upya kutoka hapo. Nililia, lakini alikuwa sahihi. Maliza nusu moja, rudi katikati, maliza ya pili.

Sindano ikizama ukingo wa chini, isirudi juu kwa kupitia nyuma. Itokee palepale chini, nusu sentimita pembeni, ndipo uzi upande kwenda ukingo wa juu. Kwa njia hii nyuma ya kitambaa hubaki vijishono vifupi tu kando ya ukingo. Anayerudi kwa nyuma anatumia uzi karibu mara mbili, na kwenye kitambaa chepesi cheupe uzi wa nyuma huonekana kama kivuli.

Baada ya safu ya kwanza, laza ya pili ikiikata. Zikikatana wima kabisa utapata miraba. Ukizilaza kwa mshazari zaidi, utapata umbo la kashata, na kwenye jani jembamba mimi huona kashata zinapendeza kuliko miraba. Usivute uzi. Ulale tu, umenyooka, usibonyee kitambaa.

Kisha bana kila makutano kwa kijishono kimoja kidogo cha mshazari, vyote vikielekea upande mmoja. Hapo ndipo jicho la mnunuzi hutua, hata kama hajui kushona: kijishono kimoja kikigeuka, anakiona. Ndani ya vyumba vya wavu unaweza kupiga fundo moja moja, chumba kimoja ndiyo, kimoja hapana. Yule binti alipiga mafundo ya rangi ya fedha, akasema dagaa wake wamenasa. Kilikuwa kitambaa kizuri kuliko vyote mwaka ule.

Mshono wa mnyororo wa kuzungushia jani huja mwisho, kwa sababu ndio unaofunika ncha zote za nyuzi ulizolaza. Ukiutanguliza, ncha zitautoboa na kuuchafua.

Wavu huu usiuweke kwenye foronya wala nguo ya mtoto mchanga. Uzi ulioachwa wazi hunasa hereni, kucha, hata kidole cha mtoto, na ukivutwa mmoja chumba kizima hulegea. Nusu sentimita kati ya uzi na uzi inatosha. Nafasi ikipita sentimita moja, hata kitambaa cha meza kitanasa. Kifue kwa mkono, usikikamue kwa kukisokota, na kipigwe pasi upande wa nyuma, juu ya taulo, ili mafundo yasilale.