Changa pesa, usichange vipuri

Juzi kijana mmoja alinijia na hesabu zake za kujenga kompyuta kwenye daftari. "Kaka, mazabodi nimeshanunua. Mwezi ujao prosesa, halafu RAM, kadi ya grafiki mwishoni mwa mwaka. Naenda vizuri?" Sikumcheka. Kompyuta yangu ya kwanza niliijenga hivyo hivyo, kila mshahara na kipuri chake. Mazabodi, ile bodi kuu ya kuunganishia vipuri vyote, ilikaa juu ya kabati miezi mitano ikisubiri wenzake, na siku nilipounganisha vyote haikuwaka. Waranti ilikuwa ya miezi mitatu, na waranti huanza kuhesabiwa tarehe ya risiti, si siku unayowasha.

Tangu siku hiyo nanunua mapema kile tu ninachoweza kukipima peke yake. Monita unaijaribu kwa laptopu ya jirani, SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, unaichomeka kwenye mashine nyingine. Lakini mazabodi, prosesa, RAM na pawasaplai (kipuri kinacholisha vingine umeme) havipimiki kimoja kimoja nyumbani kwa mtu anayejenga mara ya kwanza. Pesa ya hivyo vinne ikae kwenye kibubu, au usubiri zamu yako ya mchezo, kisha uvinunue wiki moja na kuviwasha siku hiyo hiyo.

Kadi ya grafiki kuiweka mwisho, hapo kijana alipatia, ila prosesa aliyoiandika ilikuwa Ryzen 5 5600 ya AMD. Hiyo haitoi picha bila kadi. Angekaa miezi akitazama skrini nyeusi. 5600G inayo grafiki ndani. Kwa Intel ogopa zenye F mwishoni. Herufi moja tu, na nimeona watu wakirudi dukani kwa ajili yake.

Kusubiri kadi kuna faida nyingine. Kadi ya RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 kwa bei iliyotangazwa ya dola 329, lakini wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizigombania hadi bei hiyo ikabaki ya kusomwa tu. Septemba 2022 Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ikaachana na uchimbaji, kadi zilizotumika zikamwagika sokoni.

RAM ndiyo inayonifanya nivunje kanuni yangu. Mwishoni mwa 2025 ilipanda vibaya, kwa kuwa viwanda vilikuwa vinakimbilia seva za akili mnemba, na aliyekuwa akingoja ishuke alijuta. Ikianza kupanda, inunue, mradi una mahali pa kuipima. Na kwanza amua unajenga AM4 au AM5, yaani aina ya soketi ya prosesa za AMD: ya kwanza inatumia RAM za DDR4, ya pili DDR5, na moja haiingii kwenye tundu la nyingine.

Kwenye daftari lile hapakuwa na mstari wa UPS, ile betri ya akiba ya kuilinda kompyuta na umeme. Huku kwetu umeme ukikatika si tatizo, tatizo ni unavyorudi. Nilimfutia taa za rangi na feni tatu za mapambo, pesa ikahamia huko na kwenye pawasaplai ya kueleweka. Alinuna kidogo.

Kisha nikamuuliza risiti ya mazabodi iko wapi. Waranti yake imebaki siku tisa. Nina prosesa ya AM4 na RAM za kupimia kwenye droo, kwa hiyo kesho asubuhi anaileta.