Ngazi ya stringa mbili ni ipi, na kwa nini hizo mbili hazifanani

Stringa ni ule ubavu wa ngazi, boriti inayopanda mshazari toka chini mpaka juu na kubeba vidato. Ya stringa mbili ndo ile ya kawaida unayoiona nje ya ghorofa, ukipita Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga huikosi, ubavu huku ubavu kule na vidato katikati. (Ipo ya stringa moja inayopita chini katikati, inapendeza macho ila inataka kujisokota, hiyo tuiache.) Mtu akikanyaga katikati ya kidato uzito unagawanyika, nusu inaenda stringa hii nusu ile, halafu zote zinaupeleka kwenye zege.

Kwa chuma wengi tunatumia chaneli, kile chuma chenye umbo la C. Mgongo wake ni bapa kwahiyo unaugeuza utazame ndani, unachomelea vipande vya engo (chuma cha umbo la L), kidato kinakaa juu ya engo kinafungwa bolti, midomo ya chaneli inatazama nje. Sasa hapa ndo penyewe: stringa ya kulia na ya kushoto ni kama ndara, urefu sawa, upana sawa, lakini huwezi kuvaa mbili za kushoto. Mie zamani nilichora moja nikaandika pembeni "vipande 2", nikajiona nimeokoa karatasi. Karakana wakatengeneza vilevile nilivyoandika, zote za kushoto. Kuja kuzisimamisha, ya pili engo zake zinatazama barabarani, ukiizungusha zitazame ndani na mteremko nao unageuka, ya chini inakuwa juu. Fundi akaniuliza, "Kaka, hii tupandie wapi?" Ikabidi grenda ilie mchana kutwa. Siku hizi kila moja naipa mchoro wake na alama yake, basi.

Haya vipimo. Tuseme toka sakafu mpaka sakafu ni milimita 3060, ukigawa kwa 18 unapata kiinuko, yaani kimo cha kupanda kidato kimoja, cha 170. Kikanyagio, yaani pale mguu unapokaa toka mbele kwenda nyuma, weka 280. Kuna kanuni ya siku nyingi, viinuko viwili jumlisha kikanyagio kimoja ije kati ya 600 na 640 hivi, hapa 340 na 280 ni 620, mguu unapanda wenyewe bila kufikiri. Viinuko 18 ila vidato vya kufunga ni 17, manake cha 18 ndo sakafu ya juu yenyewe, na wengi wanapotea hapohapo.

Kwenye mshazari, toka kidato hadi kidato inakuja 327.6 (ile hesabu ya pembetatu ya shuleni, imesaidia hatimaye). Fundi akiona hiyo pointi sita ataisukuma iwe 328, halafu anahamisha tepu kidato kwa kidato, akifika cha 17 ameshapotea karibu milimita 7. Kwahiyo kwenye mchoro vipimo vyote vihesabiwe toka ncha moja, tepu ishikwe mara moja tu.

Na hiyo 3060 ni ya sakafu iliyokwisha, taili zikiwemo. Ukipima juu ya zege tupu, halafu baadae chini paje mota na taili za jumla 50, kiinuko cha kwanza kinabaki 120 wakati vingine vyote 170, na juu nako wakiweka 50 hiyohiyo cha mwisho kinakuwa 220. Mgeni lazima ajikwae, tena kwa kishindo.

Ngazi nzima unaweza kuichora 1:50, yaani imepunguzwa mara hamsini, mtu aone inavyokaa, ila ncha zake zichore kubwa, 1:10 au 1:5, pleti ya chini (kile chuma bapa stringa inachokalia) na bolti zake, na pale juu inapofungwa kwenye slabu, yaani sakafu ya zege. Tundu za bolti za juu mie nazifanya ndefu kidogo, zege letu halijawahi kunyooka kama karatasi.

Halafu Tanga hii ina chumvi. Ule mdomo wa chini wa chaneli unaotazama nje unakuwa mfereji, mvua ikinyesha maji yanateremka nao mpaka yanagota kwenye pleti ya chini, yanatuama hapo, na kutu inaanzia hapohapo juu ungali unang'aa. Kwahiyo kwenye ile 1:5 chora tundu la kutolea maji, weldi izunguke yote isiwe ya kudonoadonoa, na pleti ikae juu ya kiguzo cha zege kilichonyanyuka kidogo toka chini.