Nakala za Michoro Dhahania: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Muuzaji akisema nakala iliyochapishwa ya mchoro ni ya kudumu, basi itadumu.

Maneno hayo yeyote anaweza kuyaandika. Kinachodumu ni karatasi na wino. Karatasi ya mbao isiyosafishwa ina lignini, dutu ya asili ya mti, ambayo huifanya iwe ya manjano na kukatika upesi. Ndiyo maana wachapaji makini hutumia karatasi ya pamba isiyo na asidi. Wino nao uwe wa pigmenti, yaani chembe ndogo za rangi, kwa kuwa wino wa rangi iliyoyeyushwa kwa kawaida hupauka mapema. Uliza hayo mawili kabla ya bei. Muuzaji akibabaika, mwache.

Jihadhari pia na karatasi nyeupe pepe. Mara nyingi weupe huo unatokana na kemikali za kung'arisha, nazo zikichoka kwa mwanga karatasi huonekana ya manjano.

Dhana: Mchoro dhahania ni maumbo tu, rangi ikikosea kidogo hakuna atakayejua.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Katika picha ya mtu, jicho husaidiwa na sura. Hapa hakuna sura. Uhusiano wa rangi ndio mchoro wenyewe. Bluu ikielekea zambarau, umenunua kazi nyingine. Omba kipande cha majaribio, ukitazame kwa mwanga wa mchana. Uliza pia ukubwa wa faili: nakala ya upana wa sentimita 60, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji takriban pikseli (nukta za picha) 7,000 upande huo.

Dhana: Nakala bora haihitaji ulinzi.

Hata kazi halisi hupauka. Michoro mikubwa ambayo Mark Rothko, mchoraji wa Marekani wa michoro dhahania, aliichora kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitundikwa mwaka 1964 kwenye ukumbi wenye jua jingi. Nyekundu aliyotumia haikustahimili mwanga, na kufikia 1979 michoro hiyo ilikuwa imeshaondolewa. Basi weka kioo kinachozuia miale ya urujuanimno (UV), karatasi isiguse kioo, na usiitundike panapopigwa na jua wala bafuni.

Dhana: Mchoro wa zamani hauna mwenyewe.

Kandinsky na Mondrian, wachoraji wa michoro dhahania, walifariki mwaka 1944, kwa hiyo katika nchi zinazohesabu miaka 70 baada ya kifo, hakimiliki yao imekwisha. Rothko alifariki 1970. Katika nchi hizo kazi yake bado inalindwa, na muuzaji anapaswa kukuonyesha kibali.