Akiolojia ya majengo: namna ya kuisoma nyumba ambayo haipo tena

Akiolojia ya majengo ni utafiti unaolichukua jengo lenyewe kuwa shahidi. Mtafiti haanzi na kitabu kinachosema nyumba ilijengwa na nani. Anaanza na ukuta: mawe yalivyopangwa, aina ya zege, mahali ukuta mpya ulipoungana na wa zamani, mlango uliozibwa, ngazi inayoishia pasipo na chumba. Akishajua kipi kilitangulia na kipi kilifuata, ndipo anapolinganisha na michoro ya ujenzi, picha, barua na maneno ya walioishi humo.

Huku Pwani tumeizoea kazi hii kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Gede, na kwa sababu hiyo wengi huidhania kuwa ni ya mambo ya kale tu. Sivyo. Jengo la miaka ya 1930 laweza kuuhitaji utafiti huu kuliko msikiti wa karne ya 14, hasa ikiwa wenye jengo walilitengenezea sura ya uongo na waliokuja baada yao wakalifuta kwa makusudi. Sijui mfano ulio wazi zaidi kuliko Berghof, nyumba ya Adolf Hitler kwenye mlima wa Obersalzberg, juu ya mji mdogo wa Berchtesgaden, kusini kabisa mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Austria.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Ile nyumba ya mawe iliyokaa kileleni, ambayo watalii hupanda kwa lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba, si Berghof. Hiyo ni Kehlsteinhaus, iliyojengwa 1937 na 1938 kwenye mwinuko wa mita 1,834, na bado imesimama. Hitler alifika huko mara chache tu. Berghof ilikuwa chini zaidi, kwenye mwinuko wa mita 1,000 hivi, na ndiko alikoishi kwa miezi mingi na kuendeshea nchi. Anayechanganya nyumba hizi mbili atasoma picha vibaya tangu mwanzo.

Swali la kwanza la mtafiti ni awamu za ujenzi. Mwaka 1916 mfanyabiashara mmoja alijenga hapo nyumba ya mapumziko ya kawaida, yenye paa pana na roshani za mbao kama nyumba nyingi za milimani Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Iliitwa Haus Wachenfeld. Hitler aliikodi mwaka 1928, akainunua 1933, na katika miaka ya 1935 na 1936 ikapanuliwa sana chini ya msanifu Alois Degano, kwa michoro ambayo Hitler mwenyewe alishiriki kuichora. Nyumba ya zamani haikubomolewa. Ilibakizwa ndani ya ile mpya, na vyumba vyake vidogo vikaunganishwa na ukumbi mkubwa uliojengwa ubavuni. Ukiangalia picha za nje za baada ya 1936 huoni haraka kwamba ni nyumba mbili katika moja. Ramani ya sakafu ndiyo inayofichua: upande mmoja vyumba vya kubanana, upande wa pili ukumbi ambao nyumba nzima ya kwanza isingefua dafu mbele yake.

Ukumbi huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ulikuwa na dirisha kubwa mno lililoelekea mlima Untersberg, na kioo chake kiliweza kushushwa kwa mashine hadi kikazama chini, ukumbi ukabaki wazi kwa hewa ya mlimani. Albert Speer, msanifu majengo wa Hitler aliyekuwa naye na nyumba jirani, alieleza baada ya vita kwamba gereji ilipangwa chini ya dirisha hilohilo, kiasi kwamba upepo ukivuma vibaya harufu ya petroli ilipanda hadi ukumbini. Speer si wa kuaminiwa kwa kila neno, kwa kuwa alitumia miaka mingi kuipamba historia yake mwenyewe. Ndiyo sababu maneno ya shahidi kama yeye hupimwa kwa mchoro, kwa picha na kwa msingi uliobaki ardhini.

Mapambo ya ukumbi nayo yana la kusema. Mazulia ya ukutani yalificha vifaa vya kuonyeshea filamu, na karibu na dirisha palikuwa na meza ndefu ya marumaru. Usiku watu walitazama sinema. Wakati wa vita ramani za majeshi zilitandazwa juu ya meza hiyo. Ni Berghof, tarehe 31 Julai 1940, ambapo Hitler aliwaambia wakuu wa majeshi kwamba amekusudia kuishambulia Urusi ya Kisovyeti. Msanifu anayeeleza mtindo wa paa bila kueleza nini kiliamuliwa chini ya paa hilo ameifanya nusu ya kazi, tena nusu nyepesi.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe: nyumba haipo. Tarehe 25 Aprili 1945 ndege zaidi ya 300 za jeshi la anga la Uingereza ziliishambulia Obersalzberg kwa mabomu. Tarehe 4 Mei askari wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, waliichoma moto nyumba kabla ya Wamarekani kufika siku hiyohiyo. Askari na wenyeji wakabeba walichoweza. Gofu lilisimama miaka saba, kisha tarehe 30 Aprili 1952, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Hitler, serikali ya Bavaria ikalilipua kwa baruti na baadaye miti ikapandwa. Kwa hiyo mtafiti anakutana na maangamizi ya namna tatu yaliyolaliana, na kila moja lina alama zake. Bomu huvunja na kutawanya. Moto hugeuza rangi ya jiwe na lipu. Baruti iliyotegwa kwa mpango hukata jengo miguuni. Asiyetofautisha alama hizo atailaumu ndege kwa kazi ya kiberiti.

Kilichobaki wazi ni ukuta wa kuzuia udongo, ule uliokuwa nyuma ya nyumba kushikilia mteremko. Mtu asiyejua atapita hapo msituni na kuona zege na mawe tu. Kwa mtafiti ukuta huo ni wa thamani kubwa, maana haukuhama. Unaonyesha mlima ulichongwa kiasi gani ili nyumba ipate uwanja, na unatoa mstari wa kupimia kila kitu kingine. Ukichukua picha ya zamani iliyoonyesha nyumba pamoja na kilele cha Untersberg, unaweza kutafuta mahali alipokuwa amesimama mpiga picha: unasogea mpaka umbo la vilele likae vilevile kama kwenye picha. Ukishaupata mstari wa vilele na ukuta ukawa mahali pake, unajua kona ya nyumba ilianzia wapi na veranda iliishia wapi.

Picha zenyewe ni nyingi, na hapo ndipo penye mtego. Heinrich Hoffmann, mpiga picha wa Hitler, alitoa picha zisizohesabika za mwenye nyumba akiwa na watoto, mbwa na wageni wenye furaha, zikauzwa kama postikadi. Eva Braun, mpenzi wa Hitler, naye alipiga filamu za rangi kwenye veranda. Filamu hizo zinasaidia sana kujua rangi za kuta, samani na vitambaa. Lakini kamera ya Hoffmann ilichagua: uzio na vizuizi vya barabarani viliachwa nje ya fremu. Mtafiti makini huisoma picha kwa kuuliza pia mpiga picha alikipa mgongo kitu gani.

Na nyuma ya kamera kulikuwa na kijiji kilichofutwa. Martin Bormann, msaidizi wa karibu wa Hitler, alinunua mashamba na nyumba za wenyeji mmoja baada ya mwingine, waliokataa wakatishwa, na mpiga picha mmoja wa hapo aliyethubutu kulalamika alipelekwa kambi ya mateso ya Dachau. Nyumba za wakulima zilivunjwa, eneo likazungushiwa uzio, zikajengwa kambi za SS. Kuanzia 1943 yakachimbwa mahandaki ndani ya mlima, yakajengewa zege, na wafanyakazi wa kigeni walikuwa wengi katika ujenzi huo. Kwa maoni yangu utafiti wa Berghof usiohesabu misingi ya nyumba za wakulima haujakamilika, hata kama umepima kila jiwe la ukuta ule.

Wapo wanaoogopa kwamba kulichunguza eneo hili ni kulipa heshima, na hofu yao ina msingi: kwa miaka mingi wafuasi wa itikadi ya Nazi walifika hapo kama mahujaji. Ila msitu na ukimya havikuwazuia. Kilichobadilisha hali ni maelezo. Mwaka 1999, baada ya jeshi la Marekani, lililobaki hapo tangu vita, kuondoka, kilifunguliwa kituo cha Dokumentation Obersalzberg, kinachosimamiwa kitaaluma na Taasisi ya Historia ya Kisasa ya München na Berlin. Mwaka 2008 bango la maelezo liliwekwa mahali Berghof iliposimama. Maonyesho mapya yaliyofunguliwa 2023 yanauunganisha mlima huu na maeneo ya Ulaya ambako amri zilizotoka hapa ziliua watu, na mgeni anaweza kuingia katika sehemu ya mahandaki akaona unene wa zege kwa macho yake.